NANI ATAONJA KWA NIABA YA MZEE?

Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni usafi wa jiko. Hatusemi juu ya jiko lolote tu, bali jiko linalowapikia wazee wasioweza tena kujipikia. Swali letu ni hili: mtu anampikia mzee asiyeona vizuri, asiyesikia harufu, au asiyeweza kusema. Mpishi huyo anaacha usafi kwa kuwa hakuna anayemtazama. Mzee anakula, na hapati ugonjwa wowote. Je, mpishi huyo ametenda kosa? Au kosa huanza siku ile tu mtu anapougua?

Tunauliza hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapa Kyangwali wapo wazee waliofika peke yao, watoto wao wakiwa wamefariki au wamepotezana nao njiani. Wazee hao hula kwa mkono wa jirani, au kwa mkono wa akina mama wa kanisa. Ya pili, miongoni mwa vijana wetu waliopelekwa nchi ya tatu, kama Marekani, Kanada na Australia, wapo waliopata kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Mmoja huwaosha na kuwalisha wazee, mwingine yuko jikoni anaosha vyombo na kumenya viazi. Na wengine watakwenda kesho. Kwa hiyo habari za majiko hayo si habari za watu wa mbali. Mikono inayofanya kazi humo ni ya watoto wetu.

SUFURIA YA GILGALI NA SAHANI YA ISAKA

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za njaa iliyokuwa Gilgali. Elisha aliagiza sufuria kubwa itelekwe kwa ajili ya wanafunzi wa manabii. Mmoja wao akaenda porini, akachuma matunda asiyoyajua, akayakatia ndani ya mchuzi. Hakuwa na nia mbaya, alitaka watu wale washibe. Lakini walipoanza kula walitambua mara moja kwamba chakula kile kingewaua, wakapiga kelele, nao wakaokoka. Tuangalie vizuri kilichowasaidia: walikuwa na ndimi za kuonja na sauti za kulalamika.

Sasa tulinganishe na Isaka katika Mwanzo sura ya 27. Yeye alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yamefifia. Aliomba nyama ya mawindo, akaletewa nyama ya mbuzi iliyotengenezwa na Rebeka ifanane na ile aliyoipenda. Isaka alikuwa na mashaka. Aliuliza, akapapasa kwa mikono, akanusa nguo. Mwishoni akala alicholetewa. Habari hiyo tumezoea kuisoma kwa ajili ya baraka iliyochukuliwa. Lakini ndani yake kuna neno juu ya jiko pia: kilichokuwa katika sahani ya mzee kilijulikana jikoni tu, na yeye hakuwa na njia ya kukijua.

Wazee wengi wako katika hali ya Isaka kuliko hali ya wale wa Gilgali. Ndiyo maana tunasema swali la usafi wa jiko lao ni swali la haki, si la mazoea mazuri ya nyumbani peke yake.

KWA NINI TUMBO LA MZEE SI KAMA LA KIJANA

Kuna watu husema, "Mimi nimekula chakula hicho hicho, mbona sikuugua?" Maneno hayo hayatoshi. Mtu akizeeka, nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa hupungua. Asidi ya tumboni, ambayo huua vijidudu vingi tunavyovimeza, kwa baadhi ya wazee hupungua pia, hasa wale wanaotumia dawa za kupunguza asidi. Kunusa na kuonja hufifia, hata maziwa yaliyoharibika yanaweza kupita bila yeye kushtuka. Tena kuharisha kwa siku moja, ambako kijana hukusahau, kunaweza kumkausha mzee maji mwilini hata akafa. Na yule mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi hata kueleza kwamba tumbo linamuuma tangu jana.

Isitoshe, chakula chenye vijidudu vya hatari mara nyingi hakinuki wala hakibadiliki ladha. Baadhi ya vijidudu, vikipata joto na unyevu, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Tukifuata hesabu hiyo, kijidudu kimoja kilichoanguka ndani ya sufuria saa 2 asubuhi kinaweza kuwa zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 9 alasiri. Na sufuria itaonekana vile vile ilivyokuwa asubuhi.

Jambo lingine ni ukubwa wa jiko. Nyumbani, mama akikosea, familia moja huumia. Katika nyumba ya wazee sufuria moja huenda kwa watu 100, na wote 100 ni dhaifu.

YALIYOTOKEA WAKEFIELD NA WISHAW

Tusije tukadhani kwamba haya ni maneno ya kutisha tu, tutoe mifano miwili ya kweli.

Katika mji wa Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na hospitali ya Stanley Royd iliyotunza wagonjwa wa akili, wengi wao wazee. Mwezi wa Agosti 1984 vijidudu vinavyoitwa salmonela viliingia katika chakula chao. Wagonjwa 355 na wafanyakazi 106 waliugua, na wagonjwa 19 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye nyama ya ng'ombe iliyokwisha pikwa, ambayo iliachwa nje ya friji kwa saa nyingi siku ya joto. Haikuwa hila ya adui. Ilikuwa ni sahani ya nyama iliyosahauliwa mezani.

Lakini kuna jambo zaidi katika habari hiyo. Wakati ule hospitali za serikali nchini humo zilihesabiwa kuwa chini ya Taji, yaani mali ya utawala wa malkia, na kwa hiyo hazikuweza kushtakiwa kwa sheria za usafi wa chakula. Mwenye mgahawa aliyeuza chakula kichafu aliweza kupelekwa mahakamani. Jiko la hospitali halikuweza. Ina maana kwamba mtu mwenye miguu ya kuondoka na kutafuta mgahawa mwingine alilindwa na sheria, na yule asiyeweza kuondoka kitandani hakulindwa kwa namna hiyo. Baada ya vifo hivyo sheria ilibadilishwa, na kinga ile ya majiko ya hospitali ikaondolewa mwaka 1987.

Mfano wa pili unatugusa sisi watu wa kanisa. Mwezi wa Novemba 1996, katika mji wa Wishaw huko Uskoti, kanisa liliandaa chakula cha mchana kwa ajili ya wazee wake. Ilikuwa ni kazi ya upendo, kama tunavyofanya sisi wakati wa Krismasi. Nyama ilitoka kwa mwuza nyama wa mji ule, nayo ilikuwa na kijidudu kiitwacho E. koli O157. Nyama kutoka duka lile ilifika mahali pengi, na wazee waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee walikuwamo pia kati ya walioambukizwa. Watu karibu 500 waliugua katika eneo lile la Uskoti, na wasiopungua 17 walikufa, karibu wote wakiwa wazee. Profesa Hugh Pennington aliongoza kamati ya wataalamu, na taarifa yao ya mwaka 1997 ilisisitiza sana kwamba nyama mbichi na nyama iliyopikwa zitenganishwe: visu vyake, meza zake, hata mikono inayozishika.

Waliopakua chakula kanisani siku ile waliwapenda wazee wao. Upendo wao ulikuwa wa kweli, lakini upendo hauui vijidudu. Kumpenda mzee ni pamoja na kuuliza nyama hii imetoka wapi, imepikwa lini, na nani ameishika.

JE, NI KOSA KAMA HAKUNA ALIYEUGUA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Wengi hapa walivuka Ziwa Albert mwaka 2018 wakikimbia vita vya Ituri. Mnakumbuka mitumbwi ile iliyojazwa watu kupita kiasi. Mingine ilifika salama, mingine haikufika. Je, mwenye mtumbwi aliyejaza watu mara mbili kwa tamaa ya fedha, halafu upepo ukatulia na wote wakafika, tutasema hana kosa? Hapana. Aliyeokoa watu ni upepo. Yeye alikwisha kuweka roho zao rehani bila kuwauliza.

Na ndivyo ilivyo kwa mpishi. Kosa lake halianzi siku mzee anapougua. Linaanza pale anaposema moyoni, "Huyu haoni, huyu hatajua." Hapo amekwisha kumhesabu mzee kuwa si mtu kamili. Kama angekuwa anampikia mgeni mkubwa, mchungaji au mkuu wa makazi, angeosha sahani mara mbili. Kama sahani ya mgeni ni safi na ya mzee ni chafu, basi tofauti haiko kwenye maji. Iko moyoni.

Sisi wakimbizi tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine, kwa sababu tunajua maana ya kula kilichochaguliwa na watu tusiowaona. Unga unapofika una wadudu, mtu hujiuliza, "Aliyepakia gunia hili alifikiri litaliwa na nani?" Tunachotaka watu wa mbali wakifikirie kuhusu sisi, ndicho mzee anachotaka tukifikirie kuhusu yeye.

Hata hivyo yapo maneno ya kupinga ambayo ni ya haki tuyajibu.

Kwanza, wako watakaosema: "Usafi ni wa matajiri. Sisi maji tunayapanga foleni, sabuni ni ghali, makaa ni ghali, na mgawo umepunguzwa." Ni kweli, na hatuwezi kumdai mtu kitu asicho nacho. Lakini tukumbuke kwamba Wakefield friji lilikuwapo, maji yalikuwapo, sabuni ilikuwapo, na watu 19 walikufa. Mali haikuwa imepungua, kilichopungua ni uangalifu. Kwa upande wetu, umaskini unatunyima mengi, lakini hautunyimi yote. Haumzuii mtu kufunika sufuria. Haumzuii kunawa mikono kwa majivu pale sabuni inapokosekana. Haumlazimishi kukata sombe kwa kisu kilichotoka kwenye kuku mbichi bila kukiosha. Kila mtu atahesabiwa kwa kile alichoweza kufanya.

Pili, wako watakaosema: "Kutupa chakula ni dhambi, hasa penye njaa. Kiporo cha jana tumpe nani?" Neno hili ni zito, na anayelicheka hajawahi kulaza watoto na njaa. Dawa ya kwanza ni kupika kidogo, kinachoisha. Kinachobaki kifunikwe, kipozwe upesi kwa kumiminwa katika chombo kipana, na kabla ya kuliwa kichemshwe hata kitokote chote. Lakini tujue pia kwamba kuchemsha hakuondoi kila hatari. Wali ulioachwa usiku kucha mahali pa joto unaweza kuwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Hivyo basi, utaratibu uwe huu: chakula cha moto, kilichotoka jikoni sasa hivi, kiende kwanza kwa mzee. Kama kiporo hakina budi kuliwa, aamue mwenye nguvu kukila, akijua anachokula. Mwenye nguvu anaweza kujichagulia hatari yake mwenyewe. Mzee asiyejua hajachagua, amechaguliwa. Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume: mzee hupewa kilichobaki, kwa sababu hula polepole na halalamiki. Kutolalamika kwake kusiwe sababu ya kumpa kibaya.

Tatu, wako watakaosema, hasa vijana walio ng'ambo: "Kama ninampenda mzee, mkaguzi wa nini? Mbona wanatuchunguza kama wezi?" Nchini Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za wazee, nyumba zinazolipwa kwa fedha za mipango ya afya ya serikali kuu hutakiwa kukaguliwa bila kupewa taarifa, na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine usizidi miezi 15. Mkaguzi huingia jikoni, hupima joto la friji na la chakula, hutazama mikono na vyombo. Kijana asimwone huyo kuwa adui. Wale wa Gilgali walikuwa na ndimi zao wenyewe, lakini mzee wa leo ameazimwa ulimi wa mkaguzi. Mkaguzi anaonja na kupiga kelele kwa niaba yake. Mpishi mwema hapungukiwi kitu kwa kutazamwa, na mzee anapata ulinzi ambao upendo wa mtu mmoja, aliyechoka au mwenye haraka, hauwezi kuutoa kila siku.

PASIPO NA MKAGUZI

Hapa kwetu hakuna mkaguzi anayekuja katika jiko la mazishi au la sherehe ya kanisa. Kwa hiyo kazi hiyo ni yetu sisi kwa sisi, nayo ina ugumu wake, kwa maana inagusa heshima. Ni vigumu binti kumwambia mama mkubwa, "Mama, samahani, tunawe tena mikono." Ataambiwa ana kiburi, au amesoma sana. Tunawaomba akina mama wakubwa waifungue njia hiyo wao wenyewe, wawaambie mabinti mapema kabla moto haujawashwa: "Mkiona nimesahau, mniambie." Mkubwa akitoa ruhusa hiyo, mdogo hatamvunjia heshima kwa kusema.

Kuna jambo lingine linalohusu wanaoongoza. Mtu anayeharisha au kutapika hafai kupikia wengine mpaka apone, na baada ya kupona asubiri siku mbili hivi. Lakini kama akikaa nyumbani atakosa sehemu yake ya chakula, au kama kijana wetu ng'ambo akilala mgonjwa atakosa mshahara wa siku, basi tumemweka katika njia panda: mkate wa watoto wake au uhai wa mzee. Mara nyingi ataficha ugonjwa. Hapo kosa si la mpishi peke yake. Mwenye kupanga kazi ashiriki kulibeba, naye apange ili mgonjwa aweze kusema ukweli bila kupoteza.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mafundisho matano ya chakula salama, ambayo hata mtoto anaweza kuyakariri:

1. Dumisha usafi: mikono, vyombo, mahali pa kupikia.
2. Tenganisha kibichi na kilichopikwa.
3. Pika mpaka kiive kabisa, hasa nyama, mayai na samaki.
4. Usiache chakula kilichopikwa kikae zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi ya kutosha.
5. Tumia maji salama na vyakula vizuri.

Waliokuwapo mwaka 2018, kipindupindu kilipoingia katika makazi haya na kuondoka na watu wetu, wanajua kwa nini namba ya tano haiwezi kudharauliwa. Tunashauri kila kikundi kinachopika kanisani kimchague mtu mmoja kila siku ya kupika, ambaye kazi yake ni hiyo tu: kutazama maji, mikono, vifuniko na saa. Asipewe sufuria, asipewe kuni. Apewe macho.

Ndugu wapendwa, mzee anapofungua kinywa ili alishwe, anafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi kwa mtu yeyote: anameza bila kuuliza. Huo ni uaminifu mkubwa kuliko wa mtu aliyesaini mkataba. Kijana unayejiandaa kwa safari ya nchi ya tatu, huenda utakutana na mzee wa lugha nyingine na rangi nyingine, asiyejua hata Ituri iko wapi. Jina lako huenda hataweza kulitamka. Mpikie kama unavyotaka jirani ampikie mama yako uliyemwacha hapa. Na wewe jirani uliyebaki, yule mama yuko mlango wa pili kutoka kwako. Leo jioni, kabla hujampelekea sahani, ionje wewe kwanza.

Mungu awabariki ninyi nyote mnaolisha wengine.